Baba Asiyejulikana Alipo

Majirani zangu, wazazi wenzangu, na ninyi mnaopita dirishani kwangu kila asubuhi mkisema "Mama Sweta, kazi njema" bila hata kupunguza mwendo: leo simameni kidogo. Nina jambo la kuwaambia. Tena msidhani nitamsema mtu mwingine halafu mimi nijipanguse mikono. Katika kisa hiki nami nimo, na sikukaa pembeni. Nimo katikati kabisa, na kalamu mkononi.

Kazi yangu mnaijua. Nashona sare za shule, na kwenye kila sweta natarizi jina la mtoto kifuani, upande wa moyo, kwa uzi wa buluu. Watoto wa mtaa huu wote huvaa sweta za rangi moja, na bila jina kila jioni kungekuwa na vita ya "hii yangu, hii yako". Huu ni mwaka wa kumi na nne naandika majina ya watoto kwa sindano. Kwa hiyo mtu akiniambia jina ni jina tu, mimi humwangalia mara mbili.

Siku yenyewe ilianza kwa amani. Jua lilikuwa limefika kwenye meza ya kukatia, cherehani inanguruma polepole, na Chiriku ameegemea dirisha langu akiwa na mkoba mgongoni, anaongea. Alikuwa na miaka tisa, na mdomo haumtulii hata akiwa anatafuna. Ndiyo maana tukamwita Chiriku. Jina lake la kwenye cheti sitaliandika hapa, kwa sababu mwenyewe amenikataza. Alisema limeshatoka gazetini, na hilo limemtosha.

"Mama Sweta, uzi ukikatika unauma? Na kwa nini herufi ya kwanza unaifanya kubwa? Ingekuwa mimi ningefanya zote kubwa. Jana mwalimu kasema nina sauti ya spika. Spika ni kitu kizuri, eti?"

"Kizuri kikizimwa," nikamwambia. "Nenda shule, kengele italia."

Akaondoka anaruka. Hakufika hata kona, mama yake akaingia mbio akiwa amevaa koti lake jeupe la duka la dawa, duka lile la mwisho wa mtaa. Alikuwa anahema na macho yanamng'aa.

"Dada, weka chini mkasi! Nimechumbiwa!"

Nilipiga kigelegele hata muuza mitumba wa upande wa pili akatoka nje kuangalia kuna nini. Mchumba nilimjua. Alikuwa dereva wa gari la mkate, mtu mpole, sisi tukimwita Mkate tu, naye anaitika bila kinyongo. Tukakumbatiana, tukacheka, tukazunguka cherehani kama wasichana wadogo. Nilifurahi kwa dhati. Huyu mwenzangu alikuwa amekaa peke yake miaka minne tangu aachane na baba Chiriku, na miaka hiyo haikumwendea vizuri.

"Na bado!" akasema, huku akichomoa karatasi kwenye pochi. "Nataka nyumba yangu iwe ya jina moja. Sitaki mtoto aulizwe shuleni, mbona wewe unaitwa hivi na baba wa nyumbani kwenu anaitwa vile. Nambadilisha jina lote, la kwanza mpaka la mwisho. Kisheria kabisa! Nimeenda kwa wakili, kanipigia chapa hati ya kiapo. Kinachotakiwa ni shahidi anayemjua mtoto tangu amezaliwa. Nani tena kama si wewe?"

"Na baba yake anasemaje?"

"Anajua. Tena amekubali."

Hakupepesa macho. Karatasi zilikuwa tatu, zimebanwa pamoja kwa pini, na alizikunja hivi kwamba nilichoona ni mstari wa sahihi chini ya ule ukurasa wa mwisho. Nilikuwa na sweta kumi na moja za kupeleka kabla ya adhuhuri. Nilikuwa na furaha ya mwenzangu moyoni. Nikatia sahihi. Akaniachia na sweta mbili za Chiriku, nifumue jina la zamani niweke jipya, akatoka mbio kama alivyoingia.

Sasa mnijibu. Ni nani kati yenu hajawahi kutia sahihi namna hiyo, amesimama, akili iko kwenye kazi nyingine? Basi msinicheke bado.

Baba yake Chiriku mnamjua kwa jina la Fundi Rangi. Anakaa chumba cha juu pale kwa mtengeneza baiskeli, dakika tano kwa miguu kutoka kwangu. Ni fundi mzuri, ila ana kilema kimoja cha kazi. Mpakaji rangi yeyote hutandika magazeti ya zamani sakafuni ili matone yasichafue. Wenzake hutandika wakaanza kazi. Yeye hawezi kutandika gazeti bila kulisoma. Hupiga magoti, huanza na siasa, humalizia na matangazo ya kupotelewa na vyeti. Wenye nyumba humlalamikia kwamba dari ya siku moja yeye huifanya siku mbili, kwa kuwa siku ya kwanza anasoma sakafu.

Kilichomtenganisha na mama Chiriku sikijui chote, na nisichokijua sikisemi. Ninachokijua ni ugomvi wao wa mwisho, kwa sababu ulipigwa mbele ya dirisha langu. Ilikuwa siku ya wazazi shuleni. Fundi alichelewa, akaja moja kwa moja kutoka kazini na matone meupe kichwani, akakaa mstari wa mbele kabisa. Mama mtoto aliona aibu. Walitupiana maneno njia nzima mpaka kwangu, na tangu siku hiyo hawakuongea tena uso kwa uso. Kila neno likawa linapitia kwa mtoto. "Mwambie baba yako alete viatu." "Mwambie mama yako nimeleta." Kila Jumamosi Fundi alikuwa akimchukua binti yake anashinda naye, na hilo halikuvunjika hata mara moja.

Hasira ya mama Chiriku ilipopata sheria mkononi, ikapata na kalamu. Jina la kwanza la mtoto lilikuwa la bibi mzaa baba. La pili la baba. La tatu la babu. Akaamua kuyafuta yote kwa mkupuo.

Jioni ile nilipokuwa nafumua, Chiriku alirudi kutoka shule akasimama dirishani. Nilikuwa nimeshatoa herufi nne.

"Mama ameniambia," akasema. Halafu kimya. Chiriku, kimya! Akaniangalia nachomoa uzi mpaka ukaisha. "Hizo nyuzi unazitupa?"

"Nitazifagia. Unazitaka?"

Alinyoosha kiganja. Nikamtafutia kiberiti kitupu akazitia humo, akakifunga vizuri, akakiweka mfukoni. Nilidhani ni mchezo wa watoto. Wallahi nilidhani ni mchezo.

Wiki zilizofuata mtaa ulikosa redio. Chiriku alipita bila kuuliza uzi unauma au hauumi. Nikimwita, anaitikia kwa kichwa. Mama yake alikuwa ameshamwambia mwalimu aanze kumwita jina jipya ili azoee, hata kabla ofisi ya msajili haijakubali. Kumbe kila asubuhi jina hilo likiitwa, darasa linakaa kimya. Mtoto yuko kwenye dawati lake, mikono juu ya meza, haitikii. Mwalimu, mgeni wa shule aliyekuwa na watoto sitini wa kuwashika, akaandika hayupo. Siku tatu mfululizo mtoto alikuwa darasani, na daftari la mahudhurio likasema hayupo. Mama aliitwa, akaja juu kama moto wa kifuu: mtoto mkaidi, mtoto kaharibiwa na baba yake.

Jumamosi Fundi alipokuja kumchukua, Chiriku alisema anaumwa tumbo. Jumamosi ya pili, tumbo tena. Fundi alipita kwangu akiwa na mfuko wa machungwa aliyokosa wa kumpa.

"Dada, mwanangu ananikwepa. Nimemfanya nini?"

Mimi nilidhani ana huzuni ya kukubali jina libadilishwe, nikaona si vizuri kumtonesha. Nikamwambia watoto wana majira yao, atarudi. Laiti mmoja wetu angesema neno moja, kisa chote kingekwisha hapo dirishani. Lakini tulikuwa tumezoea kusema kupitia kwa mtoto, na mtoto mwenyewe alikuwa ameacha kusema.

Ikafika siku ile. Ilikuwa saa nane na robo mchana. Nasikia miguu inapiga lami pa-pa-pa, nainua kichwa, namwona Fundi Rangi anakuja mbio, rangi nyeupe mpaka viwikoni, brashi bado imechomekwa mfukoni inachuruzika suruali yote. Mkononi ana ukurasa wa gazeti wenye matone. Aliutandaza juu ya meza yangu, juu ya vitambaa safi, na sikumkataza.

"Nisomee, dada. Nisomee wewe. Labda macho yangu yananidanganya."

Alikuwa anapaka dari ya zahanati. Amenunua fungu la magazeti ya wiki tatu zilizopita, ametandika, amepiga magoti, anasoma kama kawaida yake. Na katikati ya matangazo madogo, chini ya mtu aliyepotelewa na hati ya kiwanja, akakuta jina la binti yake.

Nikasoma kwa sauti. Tangazo lilisema mama wa mtoto huyo anaomba kubadilisha jina la mtoto, kutoka hili kwenda lile. Likasema baba wa mtoto hajulikani alipo kwa zaidi ya miaka mitatu, kama ilivyothibitishwa kwa kiapo na shahidi anayemfahamu mtoto tangu kuzaliwa. Mwenye pingamizi alilete ofisi ya msajili ndani ya siku ishirini na moja.

"Hajulikani alipo!" Fundi akapiga meza, doa jeupe likabaki. "Mimi! Dirisha lako hili nani alilipaka? Nani anakusalimia kila asubuhi? Shahidi gani huyo mwenye moyo wa jiwe? Nitajie tu ni nani!"

Mkono huu huu, ulioshika gazeti, ndio ulioshika kalamu. Ningeweza kujitia hamnazo. Namshukuru Mungu sikuweza.

"Ni mimi," nikasema. "Nilitia sahihi. Sikusoma. Niliambiwa umekubali."

Alinitazama. Nilisubiri anitukane, na angenitukana ningeona nafuu. Badala yake akahesabu kwa vidole vyenye rangi, kuanzia tarehe ya gazeti. Vidole vikaisha, akarudia, vikaisha tena.

"Leo ndiyo ya ishirini na moja," akasema. "Wanafunga saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu."

"Funga mlango twende. Utaniomba radhi njiani."

Sikufunga hata mlango. Nilichukua daftari langu la vipimo na kitambulisho, nikatoka na utepe wa kupimia shingoni. Na hapo, jamani, nani anakata kona taratibu akipiga honi ya kuuza? Gari la mkate! Nikasimama katikati ya barabara, mikono juu. Mkate akafunga breki, kreti zote nyuma zikaguna.

"Mama Sweta, unataka kufa?"

"Soma hii!" Nikampa gazeti kupitia dirishani.

Alisoma midomo ikicheza. Alipomaliza, akamtazama Fundi, Fundi akamtazama yeye. Wanaume hawa wawili walikuwa wamepishana mara mia, na kusalimiana hawajawahi. Nikajiambia, sasa hapa mtu atakula ngumi.

"Mimi niliambiwa umetia sahihi ya kukubali," Mkate akasema. "Nikashangaa, lakini nikasema labda ndiyo ustaarabu. Kaka, mimi nimeomba kumwoa mama yake. Jina la mtoto sikuliomba. Langu lenyewe linanitosha mwenyewe." Akafungua mlango. "Pandeni. Mama na mtoto wako hukohuko kwa msajili. Afisa alitaka kumwona mtoto leo kabla ya kugonga muhuri."

Kabla ya kugonga muhuri! Tukajibana watatu mbele, brashi inanipaka sketi, mkate wa moto unanukia nyuma, na Mkate, dereva ambaye kwa kawaida hupitwa na wazee wenye mikongojo, akakanyaga mafuta. Tulipita mbele ya maduka manne yanayomsubiri. Wenye maduka walitoka nje na kupunga mikono, wakabaki wanapunga. Fundi alikuwa anaandika pingamizi lake nyuma ya ukurasa wa daftari langu, gari linaruka, herufi zinaruka nalo. "Mimi baba wa mtoto," aliandika, kisha akakwama. "Niseme nini tena?"

"Inatosha," Mkate akasema. "Anza na hiyo."

Tulifika saa tisa na dakika kumi na nane. Ngazi za ofisi ile ni nyingi kuliko haja, na mimi na magoti yangu nilizipanda kama nawahi treni. Ukumbi ulikuwa mtupu, mabenchi ya mbao, feni inayumba. Nyuma ya kaunta alikuwa mama mmoja wa makamo, miwani imefungwa kamba, muhuri mkononi. Mbele yake mama Chiriku katika koti lake jeupe, na kando yake mtoto katika sweta yenye jina nililolitarizi mimi. Afisa alikuwa anaita jina hilo, na kwa sauti yake nilijua si mara ya kwanza.

"Mtoto, nakuita. Huyu mtoto anasikia kweli?"

"Anasikia," mama akajibu. "Ana aibu tu."

"Mwenye aibu hushtuka akiitwa jina lake. Huyu hashtuki." Akaweka muhuri chini, ndipo akatuona mlangoni. "Na ninyi nani? Mbona huyu anachuruzika?"

Fundi akasonga mbele mpaka kaunta. Kila hatua iliacha alama nyeupe kwenye sakafu ya serikali.

"Mama, mimi ndiye nisiyejulikana nilipo."

Mama Chiriku akageuka, akamwona Fundi, akaniona mimi, akamwona na mchumba wake nyuma yetu. Uso ulimshuka wote. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia kwenye kaunta ile.

Nikasema yangu kabla sijaulizwa. "Sahihi ya shahidi ni yangu. Maneno ya juu yake nimeyajua leo. Huyu bwana anajulikana alipo. Hapa kuna daftari langu: kila mwaka, mwezi wa kufungua shule, amemleta mtoto mwenyewe kupimwa sweta, na sahihi yake hii hapa, miaka yote minne."

Afisa alivaa miwani, akafungua ukurasa mmoja mmoja, akalinganisha tarehe. Kisha akanigeukia. Jamani, nilishawahi kukaripiwa na mwalimu, na mama mkwe, na mwenye nyumba. Wote wale walikuwa wananibembeleza.

"Unajua kiapo cha uongo ni kosa? Unajua naweza kukupeleka mahakamani, wewe na huyu? Mtu mzima, fundi wa majina, unatia sahihi ya jina la mtoto bila kusoma?"

"Najua sasa," nikasema.

Mama Chiriku akaanza kulia. Alilia kwa hasira, na maneno yalitoka yamejaa machozi. "Sawa, nimesema uongo! Lakini niambieni na ninyi. Nimembeba mimi. Homa zake nimekesha mimi. Akiitwa hospitali, anaitwa bibi yake, baba yake, babu yake. Watu watatu, na mimi simo! Ukilisoma jina lake lote, utadhani huyu mtoto hakuwa na mama. Nani aliniuliza mimi siku lile jina linaandikwa? Nilikuwa bado nimelala wodini!"

Nawaambia ukweli, sikuwa nimewahi kuliwaza hilo. Nimelitarizi jina lile mara ngapi, na sikuona nani hayumo. Fundi naye aliinamisha kichwa, matone yakimdondoka.

Akapiga magoti mbele ya binti yake, kama anavyopiga mbele ya magazeti yake. "Mwanangu, mimi sikukubali kitu. Sikujua. Nimesoma leo, sakafuni."

Chiriku akamtazama. "Hukukubali?"

Lilikuwa neno lake la kwanza nililolisikia baada ya wiki tatu.

"Sikuulizwa."

"Hata mimi sikuulizwa," akasema. Na hapo bwawa likapasuka. "Mama alisema wewe umekubali kunitoa, nisikusumbue, nikajua umenichoka kwa sababu naongea sana, nikasema basi sitaongea, labda utabadilisha mawazo, lakini ukija Jumamosi naona aibu, na shuleni kwenye daftari nimekuwa mtu ambaye hayupo, na nipo, niko pale pale dawati la tatu, na jina langu ninalo mimi, liko humu!" Akachomoa kiberiti mfukoni, akakifungua juu ya kaunta ya afisa. Nyuzi za buluu zilikuwa zimejikunja humo. Akataja majina yake matatu, moja moja, kwa ile sauti ya spika. Kisha akamgeukia mama yake aliyekuwa anajifuta macho, akawaza kidogo.

"Lakini kweli mama hayumo," akasema. "Mbona hayumo? Si mngemweka hapo katikati? Nafasi ipo."

Afisa alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Akatutazama sote, mmoja mmoja.

"Huyu ndiye mtu mzima pekee aliyeingia ofisini kwangu leo," akasema. Akachukua ile hati ya kiapo, akaandika juu yake kwa wino mwekundu: imeondolewa. "Hili lingeweza kwenda polisi sasa hivi. Baba wa mtoto, unasemaje?"

"Sina kesi na mama wa mwanangu," Fundi akajibu. "Kesi yangu ni na hiyo karatasi."

"Basi sikilizeni. Kubadilisha jina la mtoto si dhambi, sheria inaruhusu. Lakini mnakuja wote wawili, mnatia sahihi mbele yangu, na mtoto anasema kwa mdomo wake. Wewe mama na shahidi wako mnarudi kesho kuapa ukweli, na gazetini mnasahihisha uongo wenu. Fomu mpya hii hapa. Saa tisa na nusu imefika, lakini kalamu ninayo."

Wakajaza pale pale, bega kwa bega, wazazi ambao kwa miaka minne walikuwa wanatumiana mtoto kama barua. Fundi aliishika karatasi akaisoma yote, mbele na nyuma, mpaka jina la mchapishaji chini. Safari hii hakuna aliyemlalamikia. Mkate akashuka garini, akarudi na mikate miwili ya moto, tukala kwenye ngazi za ofisi, sote watano. Harusi ilibaki pale pale, lakini Mkate alimwambia mchumba wake neno moja mbele yetu, kwa upole wake: "Siku nyingine ukitaka kunipa zawadi, uniulize kwanza saizi yangu." Mama Chiriku alicheka na kulia pamoja.

Mimi niliitwa kule ofisini mara tatu zaidi, nikaandikiwa onyo ninalolitunza kwenye droo ya sindano. Tangazo la pili lilitoka gazetini baada ya wiki mbili, lenye majina ya wazazi wote wawili, na mwezi mmoja baadaye cheti kipya kikaja: jina la bibi, la mama, la baba, la babu. Majina manne! Hayakutosha kifuani. Nilipima, nikapunguza herufi, wapi. Mwisho nilianzia kifuani nikamalizia kwenye mkono wa sweta, na wiki ile ile watoto sita walikuja kutaka majina yanayopanda mkononi kama la Chiriku.

FUNZO

Wazazi wenzangu na walezi, jina la mtoto si fimbo ya kumpigia mzazi mwenzako. Ukimpiga nalo, anayevimba ni mtoto. Ikiwa kuna sababu ya kulibadilisha, na sababu nzuri zipo, lifanye mchana kweupe: mwenzako ajue, sheria ijue, na mtoto aulizwe kabla ya wote, maana ndiye atakayeitika maisha yake yote. Nanyi akina baba, mnapoliandika jina siku ya kwanza, angalieni aliyelala kitandani. Asije akalilia nafasi miaka tisa baadaye.

Na kwako wewe jirani, unayependwa na kila mtu kwa sababu hukatai kitu. Wema wa kutosoma si wema. Mimi nilikuwa jirani mwema hivyo, na kidogo tu nimfanye mtoto aliye hai asiwepo na baba wa dakika tano asijulikane alipo. Ukiletewa karatasi, kaa chini. Kazi ikusubiri.

Mimi siku hizi nina utaratibu wangu. Yeyote akiniletea cha kutia sahihi, awe na haraka namna gani, namwambia angoje shule itoke. Chiriku huja, hupanda juu ya meza ya kukatia, hunisomea kila neno kutoka juu mpaka chini, kwa sauti ambayo muuza mitumba wa upande wa pili anasikia. Akimaliza, ndipo naomba kalamu.